Filta zimezimwa, mahali pamebaki

Januari 14, 2025, kampuni ya Meta ilizima Spark, jukwaa ambalo tangu 2017 lilikuwa likiwawezesha wasanii kutengeneza filta za AR (teknolojia ya kuongeza picha, sauti au maneno juu ya dunia halisi) za Facebook na baadaye za Instagram. Taarifa ilikuwa imetolewa Agosti 27, 2024, kwa hiyo watu walipewa chini ya miezi mitano kuiaga kazi ya miaka. Filta za watu wa nje ziliondolewa zote. Zilizobaki ni za kampuni yenyewe. Oktoba 2024 Microsoft ilithibitisha kwamba haitengenezi tena miwani yake ya HoloLens 2. Mwishoni mwa 2025 Adobe ikaiondoa Aero, programu iliyopendwa na wachoraji kwa sababu haikuwadai kuandika msimbo hata mstari mmoja. Kisha, Februari 28, 2026, 8th Wall, huduma iliyobeba kazi nyingi za AR za kivinjarini, ikawafungia watengenezaji akaunti, na kazi zilizokwisha kuchapishwa zikapewa mwaka mmoja zaidi wa kuonekana. Baada ya hapo hukumu ikawa rahisi kutoa: AR ilikuwa moto wa mabua, umewaka na kuzimika, na msanii au mwandishi mwenye akili arudi kwenye turubai na karatasi.

Hukumu hiyo inachanganya nyumba na mkataba wa pango. Kilichokwisha ni upangaji: msanii kuweka kazi yake kwenye seva ya mtu, ndani ya programu ya mtu, kwa masharti yanayobadilishwa bila yeye kuulizwa. AR kama chombo cha sanaa na cha hadithi za kisayansi ina msingi mwingine kabisa, nao ni mahali. Ni ufundi wa kuweka picha, sauti au maneno pale mtu aliposimama, ili kilichoongezwa na kilichokuwapo visomwe kwa pamoja. Mahali hapo hapamilikiwi na jukwaa lolote, na hapajazimwa. Anayeitazama AR kama kifaa ataona kaburi kila kampuni inapobadili biashara. Anayeitazama kama sanaa ya mahali ataona kwamba kazi ngumu zaidi bado haijaanza, hasa kwetu ambako miji imejaa hadithi zisizo na kibao.

Jina lenyewe limechangia kupotosha. Watafsiri wa programu za simu wametupa “uhalisia ulioboreshwa”, na neno kuboresha limekuja na ahadi ambayo teknolojia hii haikuitoa. Kinachofanyika ni kuongeza; kama kilichoongezwa kinaboresha au kinaharibu, hilo ni la msanii kuthibitisha. Historia yake pia haikuanzia kwenye masikio ya mbwa ya kuchezea usoni. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alijenga chombo cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha michoro ya mistari ikielea ndani ya chumba halisi, nacho kilikuwa kizito kiasi cha kuhitaji kuning’inizwa darini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell wa Boeing alilipa jambo hili jina lake la Kiingereza, augmented reality, akiwa anatafuta njia ya kuwasaidia mafundi kupanga nyaya za ndege. Na waandishi walitangulia kuliko wahandisi. L. Frank Baum, katika riwaya yake ya 1901 iitwayo The Master Key, alibuni miwani inayomwonyesha mvaaji herufi kwenye paji la uso la kila anayekutana naye: huyu mwema, huyu mwovu, huyu mwenye hekima, huyu mjinga. Swali aliloliuliza, la nani ana haki ya kumwandika mwenzake usoni, ndilo tunalolibishania leo.

Wasanii walioichukua AR kwa uzito walikwenda moja kwa moja kwenye mahali. Oktoba 2010 Sander Veenhof na Mark Skwarek walifanya maonyesho ndani ya jumba la sanaa la MoMA, New York, bila kualikwa na bila kuomba ruhusa. Kazi zilikuwa zimefungwa kwenye vipimo vya GPS vya jengo, na aliyefungua programu ya Layar kwenye simu aliziona zikielea vyumbani. Skwarek na John Craig Freeman kisha wakaweka mifupa ya kuchorwa kwenye jangwa la mpaka wa Marekani na Meksiko, kila mmoja mahali palipopatikana mabaki ya mhamiaji aliyekufa akivuka. Mchoro ule ukiwekwa juu ya meza ni pambo tu. Ukiuona mahali alipoangukia mtu, unakuwa kaburi lisilowahi kujengwa. Mwaka 2018 Tamiko Thiel na mshirika wake anayejiita /p walijaza roshani ya jumba la Whitney, New York, matumbawe yaliyoundwa kwa taka za plastiki, na kadiri watazamaji walivyoongezeka ndivyo matumbawe yalivyopauka. Mtazamaji hakuwa nje ya kazi. Kutazama kwake kulikuwa sehemu ya uharibifu. Wazo la namna hiyo haliwezi kuwekwa kwenye turubai, kwa sababu turubai haijui idadi ya walioitazama.

Hata kifo cha majukwaa kilikwisha kuandikwa. Riwaya ya William Gibson ya 2007, Spook Country, ina msanii anayeweka miili ya watu mashuhuri kwenye vijia walipofia, ionekane kwa aliyevaa chombo maalumu. Kazi zake zote zinategemea seva ya fundi mmoja, na fundi huyo anapohama ghafla, kazi zinatoweka. Miaka 17 kabla ya Spark kuzimwa, mwandishi wa hadithi alikuwa ameuona udhaifu ambao wasanii wengi waliusoma kwenye barua pepe. Wanaodhani mwandishi ni mgeni kwenye meza hii, wa kuitwa mwishoni kutia maneno, wamepanga viti vibaya. Anayezoea kujiuliza “ikiwa hili litakuwapo, nini kitafuata?” anafaa kuwapo siku ya kwanza.

Wapo wanaosema AR ni kiinimacho, mtu hushangaa mara moja na harudi tena. Hoja hii ina nguvu, na ushahidi wake ni mwingi. Oktoba 2017 Snapchat iliweka sanamu za AR za msanii Jeff Koons katika bustani mbalimbali duniani. Puto lenye umbo la mbwa likaelea Central Park, kubwa na linang’aa. Lingeweza kuelea juu ya uwanja wowote wa mpira likabaki lilelile. Kilichoipa kazi ile uzito ni jibu la msanii Sebastian Errazuriz, ambaye ndani ya muda mfupi alitengeneza nakala ya mbwa yuleyule, akamjaza michoro ya ukutani na kumweka kwenye vipimo vilevile vya ramani, akipinga kampuni kujitwalia anga la bustani ya umma bila kulipa kodi. Puto la kwanza lilikuwa tangazo. La pili lilikuwa hoja juu ya mahali. Kwa hiyo wanaolalamikia kiinimacho wana haki juu ya kazi nyingi, ila wamelaumu chombo kwa kosa la wazo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya “tusubiri miwani”. Inasema simu ni ya mpito, miwani ya kweli inakuja, msanii asipoteze muda sasa. Tuangalie kilichokuja. Miwani ya Meta Ray-Ban Display, iliyoanza kuuzwa Marekani Septemba 2025 kwa dola 799, ina kioo kwenye jicho moja tu, chenye pikseli 600 kwa 600 na upana wa nyuzi 20. Macho mawili ya binadamu huona karibu nyuzi 200 kwa mlalo. Kipande hicho kinatosha kusoma ujumbe au kufuata ramani. Hakitoshi kusimamisha jahazi mbele yako. Miwani ya Spectacles ya 2024 ya Snap, kampuni ya Snapchat, walizokodishiwa watengenezaji kwa dola 99 kwa mwezi, zilifika nyuzi 46 na betri ya kama dakika 45. Na hata betri na upana vikiongezeka, lipo tatizo la kifizikia ambalo pesa haziliondoi kirahisi: miwani ya kioo cha kupenya huongeza nuru juu ya kile unachokiona, haiwezi kuipunguza. Haiwezi kuchora rangi nyeusi. Nyeusi kwenye miwani hiyo ni uwazi. Kivuli hakiwezekani, usiku hauwezekani, mtu wa kuchorwa mweusi ti, akisimamishwa juani, hataonekana. Simu, kwa kuwa inaipiga picha dunia kwanza ndipo ichore juu yake, huchora nyeusi bila taabu. Anayesubiri miwani ili aweze kufanya zaidi anasubiri chombo ambacho kwa baadhi ya mambo kinafanya pungufu, na watu aliotaka wamwone tayari wana simu mkononi.

Udhaifu huo mwandishi wa hadithi za kisayansi anaweza kuugeuza mtaji. Ikiwa viumbe wa kwenye miwani hawawezi kuwa weusi wala kutoa kivuli, basi andika ulimwengu ambamo waliokufa hurudi kama nuru, na kivuli ndicho kitambulisho cha walio hai. Ikiwa simu ya bei nafuu haina uwezo wa kupima umbali, na kwa hiyo jahazi la kuchorwa litaonekana mbele ya mpita njia hata kama alipaswa kulificha, andika kwamba watu wa zama ile hupita ndani yetu bila kutuona, au peleka jahazi majini ambako hakuna mpita njia. Picha ikitetemeka kwa sababu kamera imepoteza alama inayoifuata, mtetemo huo uwe na sababu ndani ya hadithi. Kazi nyingi huanguka kwa kuwa msanii ametumia nguvu zote kuficha kasoro ambazo sentensi moja ya mwandishi ingezipa maana.

Hoja iliyo nzito kweli ni ya wapenzi wa maandishi: hadithi nzuri tayari ni AR, msomaji hujichorea mwenyewe, kwa nini umshikishe simu? Hapa lazima kukubali mengi. AR ni mahali pabaya pa nathari ndefu. Mkono ulioinua simu huchoka baada ya dakika moja au mbili, jua la saa sita huufuta uso wa kioo, na mtu aliyesimama barabarani hana utulivu wa msomaji aliyeketi barazani. Maneno yanayoelea yanahitaji herufi zenye kimo kisichopungua sentimita 4 ili yasomeke kutoka mita 2, na ukizidisha maneno 30 au 40 kwa kituo kimoja watu wanashusha simu. Anayetaka kueleza mawazo ya mhusika kwa kurasa tatu aandike kitabu. Lakini hoja hiyo inadhani AR lazima ionekane, na hapo ndipo inapoyumba. Msanii Janet Cardiff amekuwa akitengeneza matembezi ya sauti tangu 1991: unavaa visikilizio, sauti yake inakuongoza njia, na nyayo zilizorekodiwa njiani hapohapo zinakufuata nyuma. Mwaka 2012, yeye na George Bures Miller walitengeneza matembezi ya video katika kituo cha zamani cha treni cha Kassel, Ujerumani. Mtembeaji alipewa iPod yenye video iliyopigwa kituoni humo, akasimama pale aliposimama mpiga picha na kulinganisha kioo na ukumbi, na aliowaona kwenye kioo walikuwa wakipita mbele yake ilhali ukumbini hawakuwapo. Hakuna GPS, hakuna utambuzi wa picha, hakuna jukwaa. Macho ya mtembeaji ndiyo yaliyofanya kazi ya kuunganisha.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, sauti ndiyo njia ya kwanza kufikiria, kwa sababu ya bando. Dakika 10 za sauti ya mtu mmoja, faili la MP3 la mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde, zina uzito wa megabaiti 4.8. Dakika 10 za video ya kawaida kwa megabiti 2.5 kwa sekunde zinakaribia megabaiti 190. Tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya kazi inayosikilizwa na kazi inayosifiwa na watu ambao hawajaifungua. Faida ya pili ni kwamba sauti husamehe kosa la GPS. Simu kwenye uwanja wazi hujua ilipo kwa kosa la kama mita 5, na katikati ya kuta ndefu kosa huongezeka mara kadhaa. Kitu cha kuonekana kikikosea mita 5 kinaingia ukutani. Sauti iliyopewa duara la nusu kipenyo cha mita 20 haionyeshi kosa lolote; msikilizaji anachosikia ni kwamba ameingia mahali.

Tuchukue Mji Mkongwe wa Unguja, kwa sababu unaonyesha karibu kila tatizo. Vichochoro vingi havifiki hata mita 3 kwa upana na nyumba zina ghorofa mbili au tatu za mawe ya matumbawe. Chini pale GPS ni ya kubahatisha, na dira ya simu huyumba karibu na nondo na mabati. Mfumo wa Google wa kujua mahali kwa picha hutegemea picha za Street View, kwa hiyo kichochoro kisichopigwa picha kwake hakipo. Inabaki njia ya picha-alama: kamera inatambua picha iliyobandikwa na kujenga kila kitu kutokea hapo. MindAR, programu huria inayoendeshwa ndani ya kivinjari, inafanya hivyo kwa kutazama tu, haidai jairoskopu (kihisi cha mzunguko wa simu) wala simu iliyoidhinishwa kwa AR, na ndiyo maana inafaa kwa simu ambazo watu wengi wanazo. Msanii wa kwanza atakayekuja ataiona milango ya nakshi na kudhani imetengenezwa kwa ajili hii. Haifai. Nakshi za upande wa kulia ni kioo cha kushoto, maua yanajirudia, programu haijui iko kwenye ua lipi. Njumu za shaba huakisi jua, na kivuli cha mchongo saa nne si kile cha saa kumi. Mlango uleule unakuwa picha tatu tofauti kwa siku moja.

Khanga inafundisha vizuri zaidi, kwa kuwa ni kitambaa kinachoonekana kimezaliwa kuwa alama: rangi zinazopingana, mistari mikali, na maneno. Ila ukipiga picha khanga nzima na kuipa programu, utapata alama inayoyumba. Mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, mara nyingi umepangwa kwa ulinganifu, na pindo hurudia umbo moja pande zote nne. Kitu pekee ambacho hakijirudii ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na herufi zake kubwa zina pembe nyingi, ambazo ndizo programu inazozitafuta. Kata picha yako kuanzia kwenye jina, ikichukua na ukingo wa mji juu yake na kipande cha pindo chini. Kisha kumbuka kwamba programu inaamini inatazama kitu bapa. Khanga iliyoning’inizwa upepo ukaikunja hupoteza alama papo hapo. Ipigiliwe kwenye fremu ya mbao, ivutwe hadi iwambike kama ngoma. Kwa picha ya kuchapisha, tumia karatasi isiyong’aa, upana wa sentimita 20 kwa mtu atakayesimama ndani ya mita 2, na uibandike kwenye upande usiopigwa na jua la mchana.

Upande wa modeli, makosa yaleyale hurudi kila mahali. Katika Blender, programu ya kutengeneza modeli za 3D, kipimo cha kitu kisipothibitishwa kabla ya kutoa faili la GLB (modeli iliyo tayari kwa simu), mlango wa mita 2 unaweza kutokea na mita 200, na mtazamaji atakuwa amesimama ndani yake haoni kitu. Picha ya kuvika modeli yenye pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuwa faili dogo la JPEG, lakini ikifunguliwa kwenye kumbukumbu ya simu inachukua megabaiti 64 hata kabla ya nakala zake ndogo. Ya 1024 inachukua 4. Simu yenye RAM ya GB 2 hufunga kivinjari kimya kimya, na mtu anadhani kazi ni mbovu. Vipimo vya leza, kama vile Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulivyopima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, vina mamilioni ya pembetatu ndogo zinazounda umbo. Kwa simu vipunguzwe vifike chini ya 100,000, na undani uliobaki uhamishiwe kwenye picha. Kivinjari hakitafungua kamera bila anwani ya https. Kwenye iPhone, video isiyozimwa sauti haitaanza yenyewe, kwa hiyo weka kitufe cha kuanzia. Kitu kisicho na kivuli chini yake huonekana kinaelea. Doa jeusi lenye kingo laini latosha. Na anayetaka kusimamisha jahazi mbele ya Forodhani asome jedwali la maji: wakati wa bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa kama mita 4, na jahazi lililopimwa maji yakiwa yamejaa litaning’inia hewani maji yakipwa.

Yote haya yanafanyika bila mkataba na jukwaa lolote, mradi msanii awe na nidhamu ya mafaili. Faili la asili la Blender, GLB iliyotolewa, rekodi ya sauti isiyobanwa, picha-alama ya ukubwa kamili, maandishi ya hadithi kwenye faili la kawaida, na nakala za programu huria zenyewe ndani ya folda yako badala ya kuziita kutoka seva ya mbali. Ongeza video ya dakika moja ya mtu akiitumia kazi mahali penyewe, na karatasi yenye vipimo: urefu wa alama kutoka ardhini, upande inaotazama, saa ya jua. Waliokuwa na hivi Spark ilipozimwa walipoteza watazamaji, jambo linaloumiza, lakini waliweza kujenga upya. Wasiokuwa navyo walibaki na picha za skrini.

Suala linalostahili mjadala mkubwa zaidi kuliko la vifaa ni ruhusa. Mwaka 2017 kaunti ya Milwaukee, Marekani, baada ya misongamano ya Pokémon GO, ilitaka watengenezaji wa michezo ya AR waombe kibali kutumia bustani zake. Kampuni moja ilikwenda mahakamani, na jaji akazuia sheria hiyo kutumika kwa msingi wa uhuru wa kujieleza. Uhuru huo umetumika vyema na wasiokuwa na jengo la kuonyeshea. Machi 2023 kundi la Looty, likiongozwa na Chidi Nwaubani, liliingia British Museum kama wageni wengine, likalipima Jiwe la Rosetta, jiwe la kale la Misri lenye maandishi, kwa LiDAR (kipima umbali cha leza) ya iPad, kisha likaliweka kwa AR mjini Rashid, Misri, mji lilikotolewa. Hakuna mlinzi aliyeweza kuwazuia. Kazi hiyo haikurudisha jiwe, na haikudai imerudisha. Ilimsimamisha Mmisri mahali pa jiwe na kumwonyesha pengo lina ukubwa gani. Lakini mlango ule ule uliowapitisha Looty unampitisha pia muuza soda anayetaka kuandika tangazo juu ya msikiti, na mtu mwenye chuki anayetaka kuandika herufi kwenye paji la uso la jirani. Sheria zetu za urithi zinazungumzia kubomoa, kuchimba na kubandika. Hazijafikiria kitu kinachosimama ukutani bila kuugusa. Kuacha pengo hilo lizibwe na makampuni ya matangazo kungekuwa hasara kubwa, na wanaopaswa kuwahi ni wasanii na waandishi, kwa kufanya kazi zinazoonyesha adabu ya jambo hili kabla halijaandikiwa kanuni.

Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ni mtihani wa adabu hiyo. Sultani Barghash aliijenga 1883. Desemba 25, 2020 sehemu kubwa ya upande unaotazama bahari iliporomoka, na watu wawili wakafa. Kitu cha kwanza atakachokifikiria kila mwenye Blender ni kuurudisha uso wa jengo kama ulivyokuwa, mweupe na mkamilifu. Inawezekana kiufundi, picha za zamani zipo tele. Lakini waliokufa walikuwa kazini ndani ya jengo hilo, na uso mkamilifu unawafuta. Kazi ya mwandishi hapo ni kuamua nini kisionekane: pengine uso urudi kwa sauti tu, mafundi wakiitana juu ya majukwaa ya mbao, mwaka wa ujenzi na mwaka wa kuanguka vikisikika kwa wakati mmoja, na kioo cha simu kibaki kinaonyesha jengo lilivyo leo. Halafu kuna siku ukarabati utakapokamilika. Alama iliyobandikwa kwenye uzio wa ujenzi itaondoka na uzio, na modeli yoyote ya uso wa zamani itaangukia juu ya uso mpya, ikikosea kwa shubiri moja au mbili, ukuta juu ya ukuta. Sehemu ya hadithi itakayosikika siku hiyo inapaswa kuandikwa sasa na kuwekwa kwenye folda pamoja na nyingine, na jina la faili liseme ni ya kufunguliwa uzio ukishaondolewa.